Kinamasi Isiyo na Mwenyewe

Mimi nilisoma mpaka darasa ya sita. Mwalimu alimwambia habuba yangu kichwa ya huyu mtoto iko sawa, shida iko kwa mdomo. Lakini kwetu, kijiji moja kati ya Arua na Koboko, darasa ya sita ilikuwa kitu kubwa. Barua ikifika, unasoma wewe. Mgonjwa akipelekwa hospitali, wewe ndiyo unaenda kusema jina yake. Na mgeni ya serikali akishuka na Swahili yake, wanakuita usimame katikati ugeuze maneno, hii iende huku, ile irudi kule. Nilipenda hiyo kazi. Ukisimama katikati, watu wote wanaangalia mdomo yako.

Nilikuwa nakaa na habuba, mama ya mama yangu, sisi wawili tu. Baba alikuwa jeshini, mbali kusini, na mara moja kwa mwaka alituma salamu kwa mkono ya mtu mwenye hata yeye hamjui vizuri. Mama aliolewa tena ng'ambo ya mpaka, Congo. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Ukipita choo yetu, umeingia kinamasi.

Kinamasi ilikuwa kubwa. Mto ilitoka juu, upande ya vilima, na ikifika kwetu inachoka, inalala, inapanua mikono. Mafunjo ilikuwa ndefu kupita mtu na mtu juu yake. Ndani kulikuwa na swala ya maji, ile yenye kwato ndefu kama viatu ya bwana harusi, inatembea juu ya majani bila kuzama. Kulikuwa na korongo ya taji, ndege ya bendera. Asubuhi wakipiga kelele, mimi nilisimama mlangoni nikapiga saluti, kwa sababu miaka ile ukiona kitu ya serikali ni vizuri upige saluti kwanza, utauliza baadaye. Habuba alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Vijana ya rika yangu wote waliingia jeshi. Lori ilisimama Koboko, ikajaa, ikaenda. Mimi pia nilipanga mstari. Afande aliniuliza naweza nini. Nikasema naweza kukimbia. Akauliza, kukimbia kwenda mbele ama kurudi nyuma? Nikamwambia inategemea nani anakuja. Akanirudisha nyumbani siku ile ile. Basi kijiji ikabaki na wazee, wanawake, na mimi. Nilikata mafunjo, nikasuka mikeka, siku ya soko nikafunga kwa baiskeli nikapeleka Arua. Maduka ya Wahindi wenye walifukuzwa ilikuwa imepata wenyewe wapya, na hao wenyewe wapya walikaa mbele ya rafu tupu wakifukuza nzi. Unauliza chumvi, hakuna. Unauliza sabuni, anakuuliza wewe umeiona wapi. Mara nyingi nilirudi nyumbani na habari tu.

Habuba ndiyo alikuwa anafungua kinamasi. Nieleze vizuri, kwa sababu yote inakaa hapo.

Kwetu kuna samaki inaitwa kamongo. Kiangazi ikifika na maji ikirudi nyuma, kamongo inachimba tope, inajifunga ndani kama mtu ndani ya blanketi, inalala na kupumua kwa tundu ndogo. Juu unaona udongo tu, imepasuka. Siku yenye habuba amechagua, anaenda na nusu ya kibuyu, anaigeuza chini, anaigonga na vidole, polepole, halafu haraka, kama mvua inaanza. Kamongo huko chini inadhani maji imerudi, inakoroma. Hapo unachimba. Mimi nilikuwa nasema kamongo ni kama askari ya zamu, ukimwamsha kwa uongo anajibu "niko, afande" kabla ya kufungua macho. Sheria ya habuba ilikuwa hii: moja unatoa, mbili unaacha ilale. Na wingu ya kwanza ikionekana, anafunga, hakuna mtu tena anaingia na jembe.

Kulikuwa na sheria ingine. Mtu hasemi hii kinamasi ni yangu. Hata yeye mwenye anafungua, hasemi. Ukiulizwa, unajibu haina mwenyewe. Wazee walisema maji inasikia, ukiiita yako inahama, inaenda kutafuta mahali pa watu wenye adabu. Na watu ya maji, sisi wenye tunaitumia, hawahesabiwi, kwa sababu ukiwahesabu watapungua. Ilikuwa heshima tu, kama vile huwezi kumwita mama mkwe kwa jina. Sisi wote tulijua, na hakuna mtu alifikiri siku moja atauliza mtu mwenye hajui.

Walikuja na Landrova, watatu. Karani na faili yake, mtu ya kupima na chombo yake ya miguu tatu, na askari na bunduki, sijui ya kulinda karani ama ya kulinda hiyo miguu tatu. Siku zile gari ya serikali ikisimama kwa nyumba yako, hata kuku inanyamaza. Wanawake waliingia ndani. Karani akauliza mkubwa ya hapa ni nani, wakamsukuma habuba mbele. Swahili ya habuba ilikuwa ya soko tu, chumvi na bei gani. Basi mimi nikasimama katikati.

"Muulize mama," karani akasema, "hii kinamasi ni ya nani?"

Nikageuza kwa Kikakwa, lugha yetu. Habuba akajibu kama mtu mwenye adabu anajibu.

"Anasema haina mwenyewe," nikasema.

Hapo ningenyamaza, ama ningeeleza. Lakini niliona askari amekunja uso, na nyuma ya mlango wanawake wanapumua kwa nguvu, na mdomo yangu ikaenda peke yake.

"Labda bwana aulize vyura. Wao ndiyo wanapiga kelele kama wenye nyumba."

Karani akacheka. Askari naye akacheka, na uso yake ikawa uso ya mtu tu. Wewe hujui ilikuwa aje kumchekesha askari mwaka ile. Niliona kama nimeshika simba kwa sikio.

Karani akauliza ni watu wangapi wanatumia hii maji. Habuba akasema watu ya maji hawahesabiwi. Na mimi nikaona aibu. Huyu bwana iko na saa mkononi na kalamu tatu mfukoni, nitamwambiaje habari ya maji inasikia? Nikasema, "Hakuna mtu, bwana. Iko mimi na ndege ya bendera, na yeye iko zamu."

Wakacheka tena. Karani akafuta macho, akaandika. Askari akanipa sigara moja mzima. Mtu ya kupima akanipiga bega, akasema kijana kama wewe angefaa aende redioni.

Gari ilipoondoka, habuba aliniuliza wamecheka nini. Nikamwambia nimewaeleza yeye ndiyo anafungua, na watu ya hapa ni wengi, na samaki ni nyingi, wakafurahi sana, wameandika jina yake kwa karatasi. Habuba alinyoosha kitambaa ya kichwa yake. Siku hiyo alinipikia mayai mbili.

Walijenga bwawa juu, mwendo ya nusu ya siku kwa baiskeli. Walisema itatoa stima, na maji ya mashamba mapya. Trakta ilinguruma mwaka mzima, sisi tuliisikia kama radi yenye haitaki kunyesha. Ukuta ya mawe na udongo, na katikati mlango ya chuma. Tulisema maendeleo imetukumbuka.

Kiangazi ya kwanza baada ya ukuta, kinamasi ilikauka mapema, na ilikauka yote, hata katikati, mahali habuba mwenyewe hakuwahi kukanyaga tangu azaliwe. Hapa tulifanya kosa yetu, na ilikuwa kosa ya furaha. Habuba aligonga kibuyu, na ardhi yote ikakoroma. Kushoto, kulia, chini ya miguu yetu. Watu walishika tumbo wakicheka. Habari ikafika Koboko, watu wakaja na majembe na magunia, wengine tuliwajua, wengine hapana. Habuba akazunguka na fimbo akisema moja toa, mbili acha. Mwanamume moja akamwambia kwa heshima kabisa, mama, mwaka huu Mungu ameweka meza, usitufunge mikono. Hakuna mtu aliacha mbili. Mimi mwenyewe nilichimba mpaka viganja yangu ikatoka maji. Tulikausha samaki kwa moshi, nilipeleka Arua mpaka baiskeli ikanuka hata bila mzigo. Tulisema hii bwawa ni baraka. Tuliimba juu yake.

Halafu mvua ikaja, na kinamasi haikurudi.

Mvua ilinyesha kama kawaida. Lakini tulikuwa hatujui kinamasi ilikuwa inakula kwa mto, si kwa mvua. Mto ilikuwa imekaa nyuma ya ukuta. Mvua peke yake ililowesha udongo mpaka kifundo ya mguu. Kamongo wachache wenye walikuwa wamebaki waliamka, wakatoka, wakakuta hakuna pa kwenda. Kunguru wakawamaliza kwa siku mbili. Mafunjo ikainama, ikawa rangi ya chai bila maziwa, halafu ikavunjika. Nilijaribu kuisuka. Mkeka inalia krak, krak, ukilalia unaamka na majani kwa nywele.

Swala ya maji walitoka nje. Zile viatu ndefu haiwezi kukimbia kwa ardhi ngumu. Asubuhi moja nilikuta moja imesimama nyuma ya choo yetu, jua imetoka kabisa, inaniangalia na kupumua. Nilienda kumwita habuba, tukasikia mbwa ya nyumba ya pili, na tulipofika ilikuwa imekwisha.

Korongo walirudi wawili, kama kila mwaka, kutafuta mahali ya kiota. Siku tatu walitembea juu ya ile udongo wakiinua miguu juu, juu, kama watu wanavuka maji. Maji haiko, lakini miguu yao ilikuwa bado inakumbuka. Siku ya nne wakaruka upande ya Sudan.

Mimi nilikuwa nalaumu vyura maisha yangu yote kwa kuninyima usingizi. Waliponyamaza, ndiyo nikakosa usingizi kabisa. Watu nao wakaanza kuondoka. Wanawake ya samaki walihamia Koboko kufanya biashara ya mpaka, wasukaji ya mikeka wakaenda Arua, wengine wakabeba kahawa kwa njia ya panya mpaka Congo na wakaona hakuna sababu ya kurudi. Nyumba moja, halafu nyumba ingine. Nilibaki natania mbuzi. Mbuzi inakusikiliza vizuri sana, lakini haicheki, inatafuna tu, kama karani ya ofisi.

Habuba hakukasirika. Yeye alidhani watu ya serikali wamesahau.

Kila asubuhi aliniambia, mwana yangu, nenda ukawakumbushe. Jina yangu iko kwa karatasi yao. Mtu hawezi kuandika jina ya mtu halafu amnyime maji, labda karatasi imeanguka nyuma ya kabati. Mimi nilisema nitaenda kesho. Kesho ya kwetu ni ndefu, niliivuta mpaka kiangazi ya pili. Mwisho alianza kuvaa viatu aende mwenyewe kwa miguu. Nikachukua baiskeli.

Niliona maji mbele ya kuona ukuta. Maji nyingi, pana, mpaka macho inachoka. Lakini ilikuwa haina sauti. Hakuna majani pembeni, hakuna chura, hakuna ndege. Imesimama tu kama maji ndani ya pipa. Nilidhani nitakuta ndege zetu wamehamia pale, nilikuwa hata nimewawekea matusi tayari. Hapana. Huko pia hawakupata kitu.

Mlinzi ya mlango ya bwawa alikuwa mzee Mnubi, askari ya zamani, alipigana vita ya Wazungu huko Burma. Alikaa peke yake ndani ya nyumba ya mabati, karibu na gurudumu ya chuma yenye inafungua maji. Aliniona mbali akaanza kuchemsha chai, nikajua hapa wageni si wengi.

"Kijana, umeleta sukari?"

"Nimeleta salamu, mzee."

"Salamu haiyeyuki."

Tulicheka wote wawili, kicheko ya kwanza yangu kwa wiki nyingi, na nilisikia vibaya kwa sababu nilijua nimekuja kufanya nini. Nikamweleza. Hakubisha. Alitoa daftari, akasema yeye anafungua kila wiki kidogo kwa watu ya chini wenye wako kwa karatasi, wenye mashine ya kusaga, wenye mashamba, yeye si mtu mbaya. Akaweka kidole. Hapa, kutoka daraja mpaka njia ya Koboko, ndiyo kwenu. Akaniambia nisome mimi, macho yake imezeeka.

Nikasoma. Iliandikwa hakuna watu. Chini yake iliandikwa habari hii imetolewa na mwenyeji. Nilisoma mara mbili. Darasa ya sita ilinitosha.

"Inasema nini?"

"Inasema hakuna watu."

"Na wewe ni nini, jini?" Akanimiminia chai. "Ni mjinga gani aliwaambia hivyo?"

Nikasema sijui.

Nikamwomba afungue leo tu, kidogo tu. Mzee akaangalia nyuma yake, na nyuma yake kulikuwa na maji peke yake.

"Mwanangu, nikifungua bila karatasi watakuja na gari yenye haina namba, na mimi nitaenda kukaa chini ya hii maji, na hakuna mtu atauliza. Wewe nenda Arua, kwa ofisi. Yule mwenye kinamasi aende mwenyewe, aseme ni yangu, ataje watu yake, aweke kidole. Hiyo karatasi ikifika hapa nitazungusha hii chuma na mikono mbili."

Nilirudi polepole. Njia ilikuwa ya kushuka, na bado nilikanyaga kama ninapanda. Kama ningekuwa naweza kuweka hiyo kidole mimi, ningeweka yote kumi. Lakini mkubwa ya maji alikuwa habuba. Na mtu moja katika dunia yote mwenye asingeweza kusema ile neno, ni yeye.

Wiki nzima nilimdanganya habuba kwamba mlinzi hakuwako. Halafu asubuhi moja alikuwa amekaa anachagua maharagwe, nikakaa mbele yake nikamwambia yote. Vyura, ndege, sigara, mayai mbili. Hakuacha kuchagua. Mbaya huku, nzuri kule. Nilipomaliza aliniuliza kitu moja tu.

"Walicheka sana?"

"Sana, habuba."

"Haya."

Halafu akanyamaza siku nne. Alipika, akaweka sahani mbele yangu, akaondoka. Mimi nimepigwa na mwalimu, nimepigwa na askari ya soko. Mtu mzee anakupikia bila kusema neno, hiyo inaumiza kupita yote. Hata mbuzi nilikuwa sitanii tena.

Siku ya tano nilimkuta nje, amevaa kitenge yake ya sikukuu. Akasema twende Arua.

Nilimbeba kwa kerea, kile chuma ya nyuma ya baiskeli, mpaka barabara, halafu tukapata lori. Ofisini tulikaa kwa benchi mpaka jua ikageuka. Karani ya zamani hakuwa pale. Niliuliza, wakasema aliondoka, na vile walivyosema nikajua nisiulize aliondoka kwenda wapi. Huyu mpya alikuwa kijana, karibu rika yangu, shati safi. Alisikiliza. Akatoa fomu.

"Hii kinamasi ni ya nani?"

Nikafungua mdomo nigeuze. Habuba akaweka mkono juu ya mkono yangu. Alikuwa amesikia hiyo swali zamani na hakuhitaji mtu katikati.

"Yangu," akasema, kwa Swahili.

Karani akaandika. Akauliza watu wangapi. Habuba akainua vidole, akahesabu kwa sauti, nyumba kwa nyumba. Mimi nilitafsiri, na siku hiyo sikuongeza hata chumvi. Alihesabu wenye wako. Akahesabu wenye walienda Koboko, wenye walienda Arua, mama yangu huko Congo, baba yangu huko kusini. Alitaja mpaka watu wawili wenye nilijua wamekufa. Mtu ya mwisho alikuwa mimi. Alikunja kidole, akainyoosha tena, akanihesabu.

Wakampaka wino, akaweka kidole. Nje alisugua hicho kidole kwa ukuta mpaka ngozi ikatoka.

Karatasi ilienda wapi, sijui. Walisema inaenda Kampala kwanza. Nilienda kwa mlango ya bwawa mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili mzee alitikisa kichwa mbele ya mimi kushuka baiskeli, halafu tukanywa chai yake chungu, bila sukari. Mara ya tatu chai haikuwako. Kulikuwa na askari mpya, kijana, bunduki kwa magoti. Nikageuza baiskeli kama mtu mwenye amepotea njia.

Habuba aliacha kuangalia juu ya mto. Na akaanza kuwaambia watu. Jirani mmoja mmoja wenye walibaki, aliwaendea nyumbani kwao akawaambia: mimi nilisema yangu. Mimi nilihesabu watu. Hakuwaambia kwa nini. Hakutaja karatasi ya kwanza, wala karani, wala mimi. Wao wakaunganisha wenyewe, kwamba maji imehama kwa sababu yake. Hata kama kinamasi ilikauka mwaka mzima mbele ya yeye kusema, hiyo hawakuitazama. Bwawa iko mbali, na serikali haisemwi. Watu wanapenda sababu yenye wanaweza kuiona ikipita na fimbo. Wakaacha kumwita kwa harusi. Salamu ikawa fupi.

Akahamia Ajia, kwa mdogo yake mwenye aliolewa huko kwa watu ya muhogo. Nilimsindikiza. Alitembea nyuma ya baiskeli, hakutaka kubebwa. Nikarudi kwa nyumba ya mwisho. Sasa ilikuwa ya mwisho na ya kwanza.

Miezi mingi nilikaa hivyo. Kulima ile udongo nilijaribu. Muhogo ilitoka nyembamba kama mkia ya panya. Siku moja niko Koboko sokoni, nikasikia mwanamume anaambia wenzake hadithi ya mwanamke mzee mwenye alikuwa na tamaa, alienda serikalini akasema maji yote ni yangu, na maji ikamkimbia. Anajua kusimulia, huyo mtu. Aliiga sauti yake, aliiga kidole. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kamba ya mbuzi mkononi. Nilivuta mbuzi, nikarudi nayo nyumbani bila kuuza.

Kesho yake asubuhi nilipiga baiskeli mpaka Ajia.

Nilikuta wote wako uwanjani wanamenya muhogo, mdogo ya habuba, mume yake, watoto yao wakubwa, na habuba kwa kigoda, amekonda. Walinisalimu vizuri, wakanipa maji. Sikukaa. Nilisema niko na neno, na nataka wote wasikie. Nikawaambia habuba hakukausha kinamasi. Nikawaambia ni mimi. Nikasema karani aliuliza na mimi nikamwambia aulize vyura. Nikasema mimi niliwaambia hakuna mtu, iko mimi na ndege ya bendera, na yeye iko zamu.

Mume ya mdogo yake alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kuizuia, ikatoka kwa pua. Halafu vijana. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikamwangalia habuba. Nikamwambia, tafadhali, waambie.

Habuba alipangusa kisu kwa nguo yake.

"Msimsikilize," akawaambia. "Huyu tangu mdogo ni mtu ya utani. Anataka kubeba mzigo yangu, basi anatunga."

Mdogo yake akasema Mungu amempa mjukuu mzuri. Mume akasema nilale, nije jioni nichekeshe na majirani pia. Nilisimama pale, na kila neno yenye nilifikiri kusema ilikuwa inaonekana kama mzaha ingine. Habuba alinitazama. Hakuwa na hasira, hapana. Alinitazama vile alivyotazama zamani nikipiga saluti mlangoni, lakini hakucheka.

Alinifungia muhogo kavu kwa kerea, yeye mwenyewe, akavuta kamba mara mbili kuona kama imeshika. Akasema niende mbele ya jua kushuka. Nilipofika kwa njia niligeuka. Wao walikuwa bado wanacheka, mmoja anaiga chura. Yeye alikuwa amerudi kwa kigoda, anamenya.